Kaka Hamisi Alipocheza Kwetu

Wenzangu mliokulia Chikongola, pale Mtwara, miaka ile ya sitini, mnalikumbuka goli letu la kikapu? Pete ya pipa bovu, tumeipigilia kwenye mkorosho. Msimu wa mabibo mpira ukigonga tawi, yanakudondokea na shati limekwisha. Doa la bibo halitoki, na mama yuko mlangoni na ufagio wake. Vijana wa leo mpaka wanunuliwe viatu ndiyo waruke!

Kaka yangu Hamisi hakuhitaji kuruka. Mama alikuwa akimwambia, "Hebu inama, utanitobolea makuti." Urefu huo ndio uliomchukua. Enzi hizo ukijua kikapu, mashirika yalikupa kazi ili uyachezee. Akaenda Tanga kuwa karani wa ghala, kisha Moshi, halafu Mwanza. Timu ikipata mrefu kumzidi, yeye anafunga mizigo. Mimi nikabaki na mkorosho, narusha mpira na kuuokota mwenyewe.

Nilipokuwa darasa la sita, timu yake ya Mwanza ikaja kucheza Mtwara. Nilitaka kitu kimoja tu: alale nyumbani, hata siku moja.

Uwanjani watu wakamzomea. "We mgeni, rudi kwenu!" Na kwao ni palepale, nyuma ya maduka! Nikapiga kelele, "Huyo kaka yangu!" Jamaa mmoja akanigeukia: "Kama kaka yako, mbona anatufunga?"

Jioni akapewa ruhusa, akaja na begi lake. Mama hajiwezi kwa furaha: akamtandikia mkeka mpya, akamnawisha, akampakulia ugali wa muhogo na pweza wa nazi kwenye sahani ya maua, ile ya wageni. Sisi wengine tukalizunguka sinia letu kama kawaida.

Kaka akaitazama ile sahani. "Mama, siku hizi mimi si wa kwenye sinia?"

"Kula, baba'angu. Umetoka mbali."

Alikula kidogo, akanipapasa kichwa, akasema afadhali akalale kambini na wenzake. Begi hata hakulifungua.

Leo kwangu kila mtoto ana sahani yake, anakula macho kwenye simu, wala hakuna anayejihisi mgeni. Sisi tulikula sinia moja, mikono ikigongana. Na tangu siku ile mimi nilikuwa nakaa upandeupande, nimeacha nafasi ya mtu mwenye magoti marefu.