Kichupa Nilichokiacha Uvira

Mwanangu, unisamehe mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Nilimaliza shule ya msingi tu, na mkono wangu unaenda polepole. Wewe unaanza kazi ya labo, ya kupima damu. Mimi niliianza wakati wa vita, nikiwa kijana mwenye haya nyingi.

Kuna asubuhi moja naikumbuka vizuri. Uvira haikuwa na umeme, na mashine ya kusoma seli ilikuwa Bukavu. Tulikuwa na damu ya Furaha, mtoto wa miaka mitatu kutoka Rurambo, juu mlimani, ambaye kila ugonjwa wa virusi ulimlaza. Dokta alitaka kujua kama mtoto ana seli NK, zile zinazoua seli zilizoingiwa na virusi. Akaniagiza nipakie katika sanduku la barafu dawa za rangi za kutambua NK. Nafasi ilikuwa ndogo. Nilichukua CD56, inayoshika alama iliyo juu ya NK. Kichupa cha CD3 nikakiacha kwa sababu ni cha seli T, aina nyingine ya seli za kinga, nasi hatukutafuta T. Niliona haya kuuliza.

Tulipita Sange, tukapita Luberizi, na nyuma yetu barabara ikafungwa na mapigano. Huko Bukavu mashine ilionyesha seli nyingi zenye CD56. Nikafurahi.

"Dokta, mutoto iko muzima!"

"CD3 iko wapi?"

"Niliiacha. Ni ya T."

"Weye! Kuna seli T nazo zinavaa CD56. NK iko na CD56 na haina CD3. Sasa miye nitajua namna gani?"

Hakuandika jibu lolote la kipimo.

Barabara ilipofunguka tulirudi Uvira kutoa damu upya. Mama Furaha, aliyekuwa akingoja Uvira muda wote huo, akaniuliza, "Ile ya kwanza mulifanyia nini? Mulikunywa?" Nikamwambia ukweli, macho chini. Akamshika mtoto mkono, nami nikachoma. Safari hii tulifika Bukavu na vichupa vyote viwili. Karibu seli zote zenye CD56 zilikuwa na CD3 pia, yaani ni T; NK hazikuonekana. Dokta angenisikiliza Bukavu, Furaha angerudi mlimani bila dawa ya kumkinga.

Basi mwanangu, unapochagua alama, usichukue tu ile unayotarajia kuiona. Chukua pia ile ambayo ikionekana itakukatalia. Na ukiagizwa jambo ambalo hujalielewa, uliza. Haya ilikuwa yangu, lakini sindano ya pili alichomwa mtoto.

Mungu akupe macho makini na mdomo usioogopa. Uniandikie, hata mistari miwili, uniambie huko kwenu mnachagua alama zipi.