Skuta ya Mama na Lori la Majani

Kosa langu kubwa la utotoni ni kufunga kamba ya katani kwenye gurudumu la mbele la skuta ya Mama, nikidhani skuta huvutwa kwa mbele kama ng'ombe. Nilikuwa nimeona lori la kukusanya majani chai likivishwa minyororo magurudumuni lisiteleze wakati wa matope, nikaona na sisi tusibaki nyuma.

Nyinyi mliokulia huku Kericho na Bomet miaka ya tisini mnaijua ile mvua ya saa nane, na harufu ya majani mabichi ndani ya gunia. Lori likikuacha, majani yanalala nyumbani, asubuhi yamekuwa mekundu, yanamwagwa chini ya migomba. Mama alikuwa na goti bovu, hangeweza tena kubeba mgongoni. Baba akanunua skuta kuukuu, akaanza kuikarabati imfae. Kiti kilikuwa juu, akakata sponji kwa kisu cha jikoni mpaka miguu ya Mama ikagusa chini. Kiki ya kuwashia ilikuwa ngumu, akairefusha kwa kipande cha bomba. Breki ya mguu iliteleza na gambuti, akaivisha raba ya tairi. Wazee waliponung'unika kwamba mke wa mtu hapandi kitu kama hicho, aliwaambia basi waje wabebe magunia wenyewe.

Siku ya kamba yangu, Mama hakumaliza hata mteremko. Kamba ilikwama kwa madigadi, gurudumu likashika, Mama akatua katikati ya michai. Nilianza kulia kabla yake. Alitoka na majani kichwani, akaitazama kamba, akasema, "Wewe, injini iko nyuma. Leta kisu."

Akaikata, akaifunga kwenye gurudumu la nyuma, akazungusha gurudumu kwa mkono kwanza, kisha akapanda. Lori alilikuta bado linapakia. Jioni tulikula ugali wa wimbi na maziwa ya mursik, Baba akicheka mpaka akapaliwa.

Vijana wa siku hizi, taa ikizima tu wanampigia fundi simu. Ila nisiwacheke sana. Mwaka jana nilijinunulia skuta mpya, ya kuwasha kwa kidole. Kila Jumamosi naipangusa, na mvua ikinyesha naiingiza ndani, nami nakunywa chai. Juzi jirani yetu Mama Chebet, aliyekuwa akipimisha majani pamoja na Mama, alisimama kwenye ua akinitazama nikisugua, akaniambia:

"Skuta ya mama yako ilikuwa imeungwa-ungwa, na lori halikuwahi kuiacha. Hii yako ni nzima, na haijatoka kwa geti."