Dakika Kumi na Moja za Mansur

Shangazi yangu Khamisa huuza ng'onda, samaki wa kukausha, hapa Kismayo. Wateja wake ni Wabajuni waliotawanyika Mombasa, Ulaya na kambi za wakimbizi Kenya, naye huwatumia ujumbe wa sauti kwa simu. Kila mmoja hupata dakika nne: salamu, habari za wagonjwa, waliojifungua, na samaki mwishoni kabisa.

Mimi nimesomea uchambuzi wa data, na dakika hizo ziliniudhi. Nikaingiza maagizo ya miaka mitatu kwenye kompyuta, nikatunga tangazo fupi lenye picha, tukalituma kwa nusu ya wateja. Baada ya miezi miwili hesabu zilinisuta. Waliosalimiwa waliagiza mara tatu zaidi ya wale wa tangazo.

"Ulihitaji mashine ikwambie watu wapenda salamu?" Shangazi akaniuliza.

Nikatafuta pa kujitetea. "Basi huyu Mansur wa kambini. Hajanunua hata mara moja, na kila Ijumaa unampa dakika kumi na moja. Tumtoe kwenye orodha."

Akaweka chini kisu chake cha kupasulia samaki.

"Marwa, mwanangu, tulipokimbia vita kisiwani Fuma nilikuwa na miaka tisa. Mchu, yule mtu aliyenibeba mabegani hadi mashuani, ni huyo. Mtoe umtakaye, huyo mwache."

Siku hizi ujumbe wa Mansur ni wa dakika kumi na tatu. Mbili ni zangu.