Maji Baridi Saa Sita ya Mchana

Maji yanawezaje kuwa baridi saa sita ya mchana, jua limesimama kichwani na mbinguni hakuna wingu hata moja? Nilikuwa na miaka kumi, nimesimama ndani ya mfereji ulioleta maji ya mto Tana shambani kwetu, maji yakinifika vifundoni.

Kwetu ni chini ya Garsen, njia ya kwendea Chara. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini tulipanda mpunga kwenye tope ambalo mto uliliacha ukishuka. Mpunga wa msimu ule ulibakiza kama juma moja uvunwe. Mama alikuwa ndani na mtoto mchanga, arobaini yake haijatimia, kwa hiyo kuwinga ndege ilikuwa kazi yangu. Nilikaa juu ya ulingo tangu alfajiri na teo langu, nikirusha vidonge vya tope na kupiga makelele mpaka koo likakauka. Vidonge vikiisha, nilishuka mferejini kufinyanga vingine.

Shamba letu lilikuwa la kwanza, mdomoni mwa mfereji, na desturi ilikuwa kwamba wa kwanza kuisikia baridi ya mto hupiga yowe. Wanawake wote huacha walichoshika na kuja kukata mpunga, hata ukiwa mbichi, maana furiko liko njiani.

Taabu ni kwamba nilikuwa nimeshapiga yowe hilo siku nne nyuma. Maji ya kivulini yalinidanganya. Wanawake walikuja mbio na visu, mmoja mikono imejaa unga, wakaukuta mto umelala vilevile. Mama mdogo, ambaye shamba lake lilipakana na letu, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwalimu wetu! Ndiyo mnayofundishwa huko shuleni, kuogopa maji ya vyura?"

"Nilisikia baridi, mama mdogo."

"Ulisikia usingizi wewe. Kanawe uso!"

Tangu siku hiyo kila nilipopita waliniuliza, "Mwalimu, mto wasemaje leo?"

Basi mchana ule nikabishana na miguu yangu mwenyewe. Baridi ilipenya katikati ya vidole, ikapanda taratibu hadi kwenye mifupa ya kifundo. Maji yalinuka udongo usio wetu, na majani yaliyooza ya miti nisiyoijua. Niliyachota kiganjani, yakawa mekundu. Visamaki vilijikusanya ukingoni, midomo wazi. Lakini mwalimu alitufundisha kwamba mto hujaa kwa mvua, na mvua hutoka mawinguni, nami nilipotazama juu niliona buluu tupu. Nikieleza hivyo siku hizi, watu husema nilikuwa mtoto mwenye akili. Si kweli. Niliogopa kuchekwa, nikaitafutia hofu yangu hoja.

Niligeuka. Mama mdogo alikuwa upande wa pili wa tuta, ameinama kwenye mfereji uleule, ananawa mikono. Akainua kichwa, tukatazamana. Niliokota tope langu nikarudi ulingoni.

Alasiri mto ulipanda bila sauti, na kabla jua halijatua ulikuwa umevuka tuta. Wanawake walikata mpunga maji yakiwafika kifuani, wakiyashika masuke juu kama wanaoshika nywele za mtu anayezama. Mama naye alitoka, tumbo limefungwa kitambaa, akaingia majini pamoja nao. Sisi tuliokoa vikapu vitatu. Tulikula pepeta, ule mpunga mbichi unaokaangwa na kutwangwa, hata ukaisha. Kisha tukachimba mizizi ya mayungiyungi. Maziwa ya mama yalipungua, na mtoto akawa analia kwa sauti nyembamba, kama mlango unaofunguliwa kidogo kidogo. Aliishi, ila alichelewa sana kutembea.

Hakuna aliyeniuliza kama nilisikia kitu. Nilingoja kuulizwa miaka yote ya shule. Chuo kikuu nilionyeshwa kwenye ramani mlima mto wetu unakoanzia, nikaelewa kwamba mvua ya huko hutufikia siku nyingi baadaye, chini ya anga kavu. Jibu hilo lilichukua dakika moja, na halikunipunguzia chochote.

Likizo iliyopita nilimkuta mama mdogo uani akipeta mchele. Nikamwambia yote, mpaka rangi ya maji. Hakuacha kupeta.

"Hata mimi niliyasikia," alisema. "Nikakutazama wewe. Nikasema, huyu wa shule amenyamaza, nami nikipiga yowe la bure atanicheka."