Kiti cha Wifi

Jina lake halisi tulilisahau. Mtaani tulimwita Redio, kwa kuwa haikutokea siku akazimika. Alikuwa msusi, mimi fundi cherehani mlango wa pili, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo habari za mji mzima nilizipata bure, hata zile nisizozitaka.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja: kioo kirefu, beseni la kuoshea, draya moja ya kukaushia nywele na viti viwili. Kwenye kiti cha pili alifanya kazi wifi yake, dada wa mumewe, mwenye mkono mwepesi na ulimi mkali.

Siku moja Redio alimpaka mwalimu wa chekechea dawa ya kulainisha nywele. Dawa ile haitaki mzaha. Ikianza kuchoma, unaosha. Mwalimu alisema inachoma. Redio, aliyekuwa katikati ya habari za ndoa ya watu, akamwambia, "Vumilia kidogo, shoga." Habari ilipoisha, nywele za kisogoni zilitoka pamoja na ngozi. Mwalimu akajifunga kitambaa, akaondoka analia.

Wifi hakukawia. Alihamia ng'ambo ya barabara, akafungua saluni yake, na kila aliyepita akamwambia, "Kama umechoka kuwa na nywele, nenda kwa wifi yangu." Wateja wengi wakahama. Redio naye akamrudishia kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ikawa hawasalimiani, hata wakikutana msibani.

Nywele za mwalimu zilipoota, alirudi. Nilijua amekuja kwa shari, nikaacha cherehani nisikilize vizuri. Alikaa kwenye kiti kilekile, akasema, "Nisuke."

"Mwalimu, hunichukii?"

"Nilikuchukia sana. Nilikuombea mabaya. Halafu nikakumbuka Mungu alivyonisamehe mimi, tena si madogo. Nikaona aibu kumwimbia yeye huku wewe nimekuweka moyoni. Nisuke, dada. Kichwa ni hiki."

Baada ya hapo kukawa kimya mpaka nikaenda kuchungulia. Redio alikuwa anasuka, machozi yanamdondoka.

Jumapili alikwenda kanisani na mwalimu, akaokoka. Nikadhani sasa tutapumzika. Wapi! Alimtangaza Yesu kwa kila aliyeketi chini ya draya, maana aliye chini ya draya hana pa kukimbilia. Wengine walisinzia, wengine walirudi kuuliza zaidi. Lakini kulikuwa na jambo lililonikera.

"Redio," nikamwambia, "mbona matangazo yako hayavuki barabara?"

Akainama kufagia. "Yule siwezi. Alichukua wateja wangu."

"Na wewe ulichukua nini kichwani kwa mwalimu?"

Sikusema kwa hekima, nilisema kwa hasira; kelele zake zilikuwa zimenichosha. Lakini neno lilimwingia.

Asubuhi moja nilikuwa kwa wifi nampimisha gauni, Redio akaingia. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye kiti, akafungua kilemba. Nywele zake zilikuwa ndefu, amezitunza tangu usichana, na baada ya yote yaliyompata ndizo zilizobaki kuwashawishi wateja kwamba anaijua kazi.

"Nipake dawa, wifi."

Wifi alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Huogopi kwamba nitakulipiza?"

"Naogopa. Lakini nimekusamehe, na nimekuja kuomba unisamehe yale niliyokusema. Nipake."

Wifi alifungua kopo la dawa, akapaka. Kila mara aliuliza, "Inachoma?" na Redio akajibu, "Bado." Mimi nilisahau hata pini nilizozibana mdomoni.

"Sasa inachoma."

Kabla hajafunga mdomo, wifi alishamwinamisha kwenye beseni, anamwagia maji, anasugua polepole, anamwagia tena, mpaka ndoo ikaisha. Hakuna unywele uliotoka. Nikangoja mahubiri yaanze, lakini Redio alikaa kimya huku maji yanamchuruzika shingoni.

Wifi alimfunga taulo, akavuta stuli, akakaa mbele yake.

"Ni nani aliyekufanya uje ukae hapa?" akauliza. "Niambie yote. Wateja watangoja."

Nikatoa pini mdomoni, nami nikatafuta pa kukaa.