Kata Mpaka Uone Weupe

Siku ya kwanza kazini sikupewa kiti. Nilipewa rejista ya zamani iliyovimba kwa unyevu, kisu kifupi, na meza ya kusimamia. "Hapa hakai mtu mpaka ajue kufumua," alisema Usta, fundi mkuu wa chumba chetu, Mmisri mnene ambaye miwani yake ilishikwa na uzi. Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ngazi katika idara moja ya serikali huko Ruwi, Maskati, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka karibu arubaini, watoto wako skuli, na Kiarabu changu bado kilikuwa cha Unguja, kila nikikisema Usta hucheka.

Kazi yetu ilikuwa kujalidi vitabu, yaani kuvitia majalada. Kufumua ndio mwanzo: unakata nyuzi mbovu, unang'oa pini zilizoshika kutu, unatenganisha karatasi moja moja. Kisha unashona upya kwenye fremu ya mbao, kwa uzi wa kitani uliopakwa nta. Mgongo unaupaka gundi ya wanga, ambayo tukiipika wenyewe asubuhi, halafu kitabu unakibana kwenye shinikizo mpaka kesho yake. Mwisho ni mkasi. Tukiuita mkasi, lakini ulikuwa mashine ya chuma yenye kisu kirefu na mkono wa kuvuta, na kazi yake ni kusawazisha kingo tatu za kitabu. "Kata mpaka uone weupe," Usta akituambia. Ukingo wa manjano kwake ulikuwa uchafu tu, na kurasa za matangazo ya biashara alizitupa kapuni bila kuzisoma.

Nami sikuona ajabu, maana nimelelewa hivyo. Majumbani kwetu kitabu kinachopendwa hupelekwa kwa fundi kikajalidiwa. Msahafu, vitabu vya fiqhi vya baba, hata daftari la mapishi la bibi, vyote vilikuwa na majalada ya ngozi. Kitabu kilichobaki na karatasi yake ya dukani kilikuwa kitabu ambacho mwenyewe hajakithamini. Shikeni neno hilo, maana ndilo lililonitia hasarani.

Sasa niwaeleze habari ya madubwana, na ya wifi yangu Thuwaiba.

Tulipokuwa watoto Unguja kulikuwa na vitabu vya katuni vya Kizungu, vyembamba, vyenye pini mbili mgongoni, vimejaa picha za mazimwi: watu wenye magamba, mikono inayochomoza kaburini, mijusi mikubwa kuliko nyumba. Sisi tukiviita madubwana. Kiingereza chake hatukukijua, tukisoma picha na maneno tukijitungia. Kimoja, namba moja katika mfululizo wake, kilikuwa na dubwana la kijani linatoka kisimani na ndoo kichwani. Nilikiona dukani Darajani nikakililia siku tatu. Baba alisema hataki shetani nyumbani kwake. Siku ya nne nilipopita pale, hakipo, kimeshanunuliwa.

Aliyekinunua, nilikuja kujua baada ya miaka mingi, ni Khalfan, mtoto wa mtaa wa pili, ambaye baadaye alinioa hapa Maskati. Alimnunulia dada yake.

Dada mwenyewe ndiye Thuwaiba. Alikuja nacho kutoka Unguja chini ya sanduku la nguo, na pembeni mwa jalada la nyuma kilikuwa bado na muhuri wa duka, wa duara, rangi ya zambarau. Alikuwa mpiga chapa katika idara ile ile, ghorofa ya juu yetu, na ndiye aliyenipeleka kwa Mudir, mkuu wa idara, nikaombewa kazi. Kwa hiyo kazi alinipatia yeye, mume ni kaka yake, na kitabu nilichokililia kiko kabatini kwake katikati ya mabaibui. Nilimpenda, siwezi kusema uongo. Na nilimwonea kijicho mpaka nikawa sioni raha kunywa kahawa nyumbani kwake.

Tulianza kukusanya pamoja. Ijumaa asubuhi Khalfan alikuwa akituchukua kwa gari mpaka Wadi Kabir, ambako watu walitandaza vitu vya zamani chini: mapangaboi, viatu, maboksi ya magazeti yaliyotoka kwenye nyumba za wageni wanaohama. Mimi nilipekua kwa mpango, boksi baada ya boksi, mpaka mikono ikawa myeusi. Thuwaiba alisimama anaongea na wauzaji, akiuliza hali za watoto wao, mara muuzaji mwenyewe anainama na kumtolea dubwana kutoka chini ya meza. Baada ya miaka kadhaa mimi nilikuwa na vitabu thelathini na sita, yeye ishirini na vinne. Lakini namba moja ilikuwa kwake, na kwa ajili hiyo vyangu vyote sikuvihesabu kuwa kitu.

Ndipo nikaamua kumshinda kwa ufundi. Nilinunua ngozi ya kijani Matrah kwa pesa zangu, nikamwomba Usta ruhusa ya kutumia mashine baada ya saa za kazi. Nilivifumua vyote thelathini na sita, nikatupa pini, nikatupa kurasa za matangazo, nikashona juzuu tatu. Vitabu havikuwa na kimo kimoja, na kanuni ni kwamba vyote hukatwa kufuata kilicho kidogo. Nikakata mpaka nikaona weupe. Mgongoni nikapiga herufi za dhahabu, moja moja, kwa chuma cha moto.

Mudir alipita akaziona mezani. Naye ni mzaliwa wa Unguja. "Hivi ni vitabu vya sheria?"

"La, Mudir. Ni madubwana."

Alifungua, akafunga, akatikisa kichwa. "Bibi wee, madubwana yako yamevaa vizuri kuliko faili zangu."

Thuwaiba alishuka kuja kutazama. Alipitisha kidole juu ya dhahabu, akasema, "Wifi, una mikono wewe. Mimi nnavyo tu, lakini wewe umevitengeneza." Nikaona macho yake yamekwama kwenye zile juzuu. Siku ile nilirudi nyumbani nikapika biriani bila mgeni wala sikukuu, Khalfan akashangaa.

Miaka ikapita. Usta alistaafu akarudi kwao, idara ikahamishiwa Al Khuwair, na mimi nikawa msimamizi wa chumba, sasa ni mimi ninayewaambia wengine wakate. Katika miaka ya elfu mbili Mudir mpya alituletea mtaalamu kutoka ng'ambo atufundishe kutunza karatasi za kale. Tulimwita Khabiri. Alikuwa mtu mpole, anasema Kiarabu cha vitabuni, na neno lake la kwanza ubaoni lilikuwa: karatasi kuukuu haikatwi. Nilicheka moyoni.

Siku ya tatu nikamletea juzuu zangu, nikidhani nitasifiwa. Alizipindua mkononi muda mrefu.

"Kingo ziko wapi?" akauliza.

"Nimezisawazisha."

"Na pini? Na matangazo?"

Nilimwambia. Akavua miwani. Kisha, kwa upole ambao mpaka leo unaniudhi, aliwaeleza darasa zima kwamba vitabu hivi vina soko lake duniani. Wanunuzi hukipima kitabu kwa daraja, wakaangalia pini kama ni zile za kiwandani, pembe kama zimekunjika, jalada kama linang'aa, na karatasi kama imebaki na ukubwa wake. Ukurasa mmoja ukikosekana, hata wa tangazo la sabuni, bei inaanguka. "Vingebaki kama vilivyokuwa," alisema, "mama huyu angeviuza akanunua gari kuukuu. Sasa hivi atalipwa bei ya ngozi."

Wenzangu waliinamisha vichwa. Mimi nikanyoosha mkono nikauliza swali moja tu: "Na namba moja je, ambayo haijaguswa?"

"Hiyo," alisema Khabiri, "ni gari jipya."

Sikumwambia Thuwaiba. Nilijiambia nitamwambia Ijumaa, Ijumaa ikapita. Kila nikikumbuka kwamba gari jipya limelala kabatini kwake bila yeye kujua, roho iliniuma. Mimi nilihangaika, nikashona, nikapika gundi, nikaharibu kila kitu, na yeye aliyeacha kitabu chake kikae tu ndiye tajiri.

Kabla mwezi haujaisha akaja chumbani kwangu na furushi la kanga. Ndani yake madubwana ishirini na manne, lile la kisimani juu kabisa.

"Wifi, nifanyie kama vyako. Kijani, na herufi za dhahabu."

"Vyote?"

"Vyote. Na hiki kiweke mbele."

Hapo ndipo ningesema. Nilisema, "Niachie wiki."

Wiki ile nilifumua na kushona peke yangu. Pini za namba moja zilikuwa bado zinameta, nikazing'oa. Niliweza kuacha wakati wowote, na kila siku nilikwenda mbele kidogo zaidi. Siku ya kukata Thuwaiba alishuka mwenyewe baada ya kazi, akavuta kiti, akakaa kando ya mkasi. Nilipanga vitabu, nikakaza kibano, nikashika mkono wa mashine.

"Havitoharibika, wifi?" akauliza.

"Viharibike kwa nini? Kazi yetu hii."

Alinitazama. "Haya. Wewe ndiye unayejua."

Nikavuta. Ukanda mwembamba wa karatasi ukaanguka chini, na ndani yake niliona nusu ya muhuri wa zambarau. Alipoondoka niliuokota, nikautia katika kibati changu cha sindano.

Nilistaafu miaka michache baadaye. Walinipa sahani ya fedha na maneno mazuri, na Mudir akasema kwamba katika maisha yangu ya kazi sikuharibu hata kitabu kimoja cha serikali. Hilo ni kweli. Wiki iliyofuata nilikwenda Ghubra kwa Thuwaiba, ambaye alistaafu kabla yangu. Juzuu yake ya kijani ilikuwa juu ya meza ya barazani, wajukuu wanaifungua kwa vidole vya halua, yeye anawacheka. Nikaona siwezi kukaa tena nyumba ile na jambo hili kifuani. Nikamwambia yote: Khabiri, gari jipya, wiki nzima ya kunyamaza.

Alinimiminia kahawa. "Nnajua."

"Unajua nini?"

"Masomo ya Khabiri nani aliyeyapiga chapa? Mimi. Karatasi kuukuu haikatwi, nimeliandika kwa vidole vyangu. Na mwisho wake kulikuwa na swali la mshiriki mmoja: na namba moja je? Nani mwengine wa kuuliza vile, wifi?"

"Sasa mbona ukaleta? Mbona hukunizuia?"

"Kaka alinambia zamani kwamba ulikililia siku tatu. Nikajisemea moyoni, nitampelekea wifi. Akinambia tu, 'Thuwaiba, usikate,' basi namba moja nampa, awe nacho yeye mpaka mwisho." Akaweka kikombe chini. "Nilikuuliza, na kisu kiko juu. Nilikuuliza, wifi."

Niliwahi kumwonea kijicho kwa kitabu, kwa bahati, kwa kaka yake. Siku ile nilimwonea kwa moyo wake, na hicho ndicho kilichouma kuliko vyote. Nikamwomba radhi, akanipa, bila masharti, kama anavyotoa kila kitu.

Kisha nikafungua kibati nilichokuja nacho nikamwonesha ule ukanda. Alivaa miwani, akageuza jalada la nyuma katika juzuu yake, akauweka karibu. Nusu mbili za muhuri zikakutana.

"Nipe niubandike hapa," alisema. "Gundi nnayo."

Nikaukunja ukanda, nikaurudisha kwenye kibati, nikakifunga. Nimerudi nao nyumbani, ndicho kipande pekee cha namba moja nilicho nacho.