Shati Lenye Moshi wa Korosho

Mhudumu wa mochwari amefungua mfuko ili nitambue nguo. Shati bado linanuka moshi wa korosho.

Harufu hiyo hiyo ilijaa ofisi ya ustawi wa jamii, Kibaha, siku mume wa mama alipotaka kuniasili kisheria. Tulitoka Kibuta alfajiri. Alikuwa ametoka kuchoma korosho za kuuza, na mafuta ya maganda yalikuwa yameviunguza vidole vyake vikawa vyeusi. Mbele ya yule afisa aliyenukia marashi, nilimwonea aibu.

"Mwanangu, unataka huyu awe baba yako?" afisa aliniuliza.

Mama alikuwa amenifundisha niseme ndiyo. Nikasema, "Huyu si baba. Ni mume wa mama tu."

Afisa akafunga faili. Mume wa mama akaficha vidole mfukoni, akaniambia taratibu, "Haya, twende mama, ukanywe soda." Hakuligusia tena jambo lile maisha yake yote.

Sasa mhudumu amefungua daftari. "Wewe ni nani yake?"

"Mtoto wake."

Ameangalia kitambulisho changu. "Majina hayafanani, dada. Una karatasi yoyote?"